Omariba na Mashine ya Mbao ya Kesi ya Orina

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Nyamira, wakwe zetu kutoka Sotik, majirani na wafanyakazi wenzetu, ninaomba utulivu nisome maisha ya kaka yangu kwa niaba ya familia, mimi Mochama, ninayemfuata kwa kuzaliwa.

Zablon Omariba alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kambi ya wafanyakazi wa majani chai nje ya mji wa Kericho, akiwa kifungua mimba wa mzee Mogaka na mama Yunia Nyamusi, waliotoka Nyamira kuja kuchuma majani kwa msimu mmoja na hawakurudi tena. Alisoma shule ya msingi hapo kambini kuanzia 1988 hadi 1995, akaendelea na sekondari karibu na Kapkatet hadi 1999, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu mwaka wa 2002 akiwa fundi mitambo, na cheti chake cha uchoraji wa mitambo bado kiko ukutani kwa mama.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na kiwanda cha majani chai ambacho wengi wenu mnakijua na sitakitaja, akirekebisha mikanda, rola na feni za kukausha majani, na kwa miaka kumi na tisa hakupewa barua hata moja ya onyo. Mwaka wa 2008, ambao ulianza watu wa pande mbili za barabara ya Sotik wakichomeana nyumba baada ya uchaguzi, alimposa Dorine Chepkemboi, na wazee wa huku na wa kule walipokataa kuketi meza moja, alitembea kutoka boma hadi boma miezi mitano mpaka wakakubali, wakafunga ndoa kanisani tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Mungu aliwajalia Phelis mwaka wa 2010 na Kipkorir mwaka wa 2014.

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya kiwanda ilianza Phelis alipomuuliza mashine za kazini zinazungukaje, naye akamkatia rola mbili za katoni, zikararuka kabla ya chakula cha jioni. Mwaka wa 2016 Kiptum, mchora vibao wa mjini Kericho, aliponunua mashine ya leza, Omariba alianza kwenda kwake kila Jumapili na michoro yake, leza ikikata plaiwudi nyembamba vipande vidogo vya kushikana vyenyewe, bila gundi na bila msumari. Alitengeneza kuku wa kudonoa, kinu cha posho chenye mkono wa kuzungusha, na gari moshi la Kipkelion lililosukuma magurudumu yake kama la zamani, na walimu wa sayansi walivifuata kutoka mbali. Kipande kilipokataa kuingia hakukigonga, alirudi kwa mchoro akapunguza kadiri ya unene wa unywele, akisema, "Mtoto akilazimisha, kosa ni langu."

Jumatano, tarehe 9 Juni 2021, katika kiwanda hicho, rola za meno za mashine ya kusaga majani zilivuta mkono wa Orina, rafiki yake tangu shule ya msingi, naye akafa njiani akipelekwa hospitali, akamwacha mkewe Marcella na watoto watatu. Ripoti ya kiwanda ilisema Orina alikuwa amelewa. Omariba alijua kifuniko cha kinga kilikuwa kimetolewa tangu Februari, alijua breki imeisha na rola huendelea kuzunguka mashine ikishazimwa, kwa sababu ni yeye aliyeandika hayo mara tatu kwa kitabu cha ufundi, lakini Marcella alipopeleka kesi ya kudai fidia kwa ofisi ya kazi ya serikali, kitabu kilitafutwa kisionekane.

Hapo ndipo alipoketi kuchora mashine ile yenyewe, kwa wiki tano, rola, mkanda na swichi, vipande mia moja na arobaini, na ndani ya gurudumu la ubavuni akabana nati za chuma ili liwe na uzito wa kuendelea kuzunguka likiachiliwa. Tarehe 17 Machi 2022 aliiweka mbele ya afisa aliyesikiliza kesi, akaiunganisha kwa mikono mbele ya watu wote, akamwomba afisa azungushe, aachilie, kisha aweke jani kwa mkanda. Rola zililimeza jani, ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameshika mkono wa mashine.

Afisa akauliza, "Na ile kubwa inafanya hivi?"

"Ile kubwa inazunguka zaidi, bwana," akajibu. "Hii nimeipunguzia."

Wakili wa kiwanda hakubishana na mbao. Alisema, "Mashine izunguke vile inataka, lakini mtu timamu hawezi kuweka mkono hapo," akatoa karatasi tatu za mashahidi waliosema Orina alinuka pombe, zikasomwa pamoja na majina yao, na kesi ikatupwa. Tarehe 30 Aprili mwaka huo Omariba alifutwa kazi, na wengi wetu tuliacha kupita kwake.

Septemba 2024 ugali ulianza kumkwama kooni, Januari 2025 madaktari wakagundua saratani ya umio, na mtu aliyebeba mota begani akawa anabebwa kwa blanketi. Alituacha Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba mpaka barabara kuu njia ya kwetu ilipokuwa matope, akina mama wa kanisa, na Kiptum, aliyemwachia leza bila kumuuliza kitu. Tunamshukuru pia Marcella, mjane wa Orina, aliyeleta uji laini kila asubuhi kwa miezi kumi, akamlisha kwa kijiko, na mara nyingi ni mimi niliyemfungulia mlango.

Yanayofuata hayamo kwa karatasi mliyogawiwa. Shemeji Marcella, moja ya zile karatasi tatu ilikuwa yangu. Nilikuwa kibarua kiwandani humo humo, niliitwa ofisini, nikaahidiwa kazi ya kudumu, nikaisoma karatasi yote na nikatia sahihi. Kaka alisikia jina langu likisomwa na hakuniuliza mpaka mwezi wa tisa mwaka huu, akiwa amelazwa wodini siku chache, sauti yake imekuwa ndogo, akasema, "Mochama, Orina alikuwa amekunywa?" Nikamwambia, "Pumzika kwanza, kaka, tutaongea." Akageukia ukuta, na hatukuongea.

Orina hakuwa amekunywa. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, niliona akizima swichi, niliona akingoja, na niliona rola hazijasimama. Wenzangu wa kiwanda mlioketi huko nyuma, mnajua ninasema kweli, na Jumatatu nitaenda kuyasema haya kwa ofisi ya kazi, nikiwa na kazi au sina.

Omariba, mwana wa mama yangu, jibu lako ndilo hilo, nimechelewa nalo. Mungu akupe pumziko na amani.