Asibaki Mtu Dunguni

Wachungaji, ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliofika hapa Namawala leo, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, kumsindikiza Mchungaji Stanislaus Pantaleo Undole, familia inawaletea maisha yake kama yeye mwenyewe alivyoagiza yasomwe, kwa sababu wiki tatu kabla ya kufariki alimwita binti yake Frida, akamwambia ashike kalamu, akamtajia tarehe zote kwa mpangilio, kisha akasema, “Na lile la ndege liwemo, tena msilifupishe. Msinizike nimepakwa chokaa.”

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 6 Mei 1958 katika kijiji cha Msogezi, Mahenge, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Pantaleo Undole na Mama Digna, wote Wapogoro na Wakatoliki, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Stanislaus, jina halikutafutwa mbali. Mwaka 1969 wazazi wake waliteremka bondeni kutafuta shamba la mpunga, wakajenga Katindiuka, pembeni ya mji wa Ifakara, na huko ndiko alikokulia.

Alianza darasa la kwanza Msogezi mwaka 1966, akamaliza la saba Ifakara mwaka 1972, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akashika jembe pamoja na baba yake kwa miaka sita. Mwaka 1979 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa katika kambi ya Chita, akafundishwa kuendesha trekta, na alipomaliza mkataba wake mwaka 1981 alibaki hukohuko Chita akilimia watu mashamba ya mpunga, na mmoja wa waliolimiwa alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri aliyekuwa na binti aitwaye Rosemery. Marehemu alipenda kueleza kwamba shamba lile la ekari moja na nusu alilimaliza kwa siku nne, na kwamba trekta lilikuwa zima kabisa.

Alifunga ndoa na Rosemery Jumamosi tarehe 15 Oktoba 1983 huko Chita, katika kanisa la mkewe, na habari zilipomfikia Mzee Pantaleo kule Katindiuka hakugomba wala hakumfukuza, alimwambia tu, “Sali unakotaka, ila Krismasi utakula kwangu,” na marehemu alikula Krismasi Katindiuka kila mwaka hadi Mzee alipofariki mwaka 2001.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Nickolaus aliyezaliwa 1984, Frida 1987, Herieth 1990, na Alphonce aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1995 na kufariki kwa malaria tarehe 4 Machi 1997. Baada ya msiba huo marehemu hakupanda mimbarani kwa wiki sita, na alipopanda tena alisoma Zaburi ya ishirini na tatu, akafunga Biblia, akasema, “Bwana ndiye mchungaji wangu, lakini chandarua ni chako, kifunge.” Maneno hayo aliyarudia kila masika, na wapo waumini waliozoea kuyasema kwa sauti kabla hajayamaliza.

Nyumbani alikuwa baba asiyependa kupaza sauti. Nickolaus alipomaliza kidato cha nne alikaa siku tatu akitafuta namna ya kumweleza baba yake kwamba hataki uchungaji, anataka ufundi wa magari, na alipojikaza akasema, marehemu alimjibu, “Kazi hii hairithiwi, mwanangu. Hata mimi sikuirithi. Ila Krismasi utakula kwangu.” Mama Rosemery naye alikuwa akiwaambia wageni kwamba ameolewa na mchungaji asiyeweza kuchunga hata kuku, na marehemu hakulikana hilo, kwa kuwa kuku walipotea kweli.

Alisoma chuo cha Biblia kuanzia 1985, akatumika kama mwinjilisti, akarudi masomoni mwaka 1988, akabarikiwa kuwa mchungaji Jumapili tarehe 12 Januari 1992, na mwezi uliofuata akapangiwa usharika wa hapa Namawala, ambako hakuhama tena mpaka leo.

Sasa ni lile la ndege.

Mliozaliwa bondeni mnajua kwamba mpunga ukianza kuingiza maziwa, kijiji kinahamia mashambani, kila familia inajenga dungu lake, kibanda juu ya nguzo, na kutoka alfajiri hadi jua kuzama lazima awepo mtu juu yake wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza, kwa teo la kurushia madonge na kwa debe la kugonga, maana kundi la kwelea likitua kwenye shamba lisilo na mtu halihitaji zaidi ya asubuhi moja. Marehemu alilijua hilo kama kila mtu, alikuwa ameamia ndege tangu ana miaka kumi na moja, lakini mwaka 1993 usharika ulikuwa umemaliza kuezeka kanisa kwa bati, mkuu wa jimbo alikuwa anakuja kuliweka wakfu Jumapili tarehe 16 Mei, na mchungaji aliyekuwa na mwaka mmoja kazini hakutaka mkubwa wake akute mabenchi matupu. Alitangaza Jumapili mbili mfululizo, kwa maneno yaliyoandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, “Siku hiyo asibaki mtu dunguni, hata mtoto.”

Jumamosi, siku moja kabla, alifikiwa nyumbani na Brigita, mama wa watoto wanne, mjane wa miaka thelathini na mitano, ambaye wengi tunamwita Mama Paskalina kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na ekari tatu kule bondeni, na hakuwa na kingine.

“Shikamoo Baba Mchungaji.”

“Marahaba, Mama Paskalina.”

“Nimekuja kuomba mwanangu mmoja abaki dunguni kesho. Kwelea wameonekana tangu juzi.”

Marehemu angeweza kusema ndiyo, na hadithi ingeishia hapo, lakini aliogopa kwamba akimruhusu mmoja wataomba wote, akamjibu, “Mama, yeye anayewalisha ndege wa angani atalinda na mpunga wako.”

Brigita alikuja kanisani na watoto wake wote wanne. Kanisa lilijaa, watu wakasimama hadi nje, ibada ilichukua saa nne, na waliporudi mashambani saa tisa mchana walikuta mashamba ya pembeni yameliwa nusu, na la Brigita, lililokuwa karibu na matete wanakolala kwelea, limebaki mabua. Mwaka ule alivuna magunia mawili. Paskalina alikuwa darasa la saba, akaacha shule akaenda kufanya kazi za ndani Ifakara mjini, na hakurudi tena darasani.

Jumatatu marehemu alikwenda kumpa pole. Brigita alimpa kigoda, akampa maji ya kunywa, kisha akasema, “Ulisema kweli, Mchungaji. Bwana amewalisha ndege wa angani. Amewalisha mpunga wangu.” Kuanzia siku hiyo hakukanyaga kanisani, ingawa wakikutana njiani alimwamkia kwa heshima kama kawaida, jambo ambalo marehemu alimwambia mkewe kwamba lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Msimu uliofuata marehemu alibadili saa ya ibada. Kuanzia Aprili hadi mpunga uvunwe, ibada ya Namawala ingeanza saa sita mchana, wakati wa jua kali ambapo ndege wanajificha kivulini, na kumalizika kabla ya saa tisa, wanapotoka tena. Wazee wa kanisa walipinga, mmoja wao akauliza, “Ibada gani ya saa sita, watu si watasinzia?” Marehemu akajibu, “Bora asinzie kanisani kuliko akae dunguni ananichukia.” Utaratibu huo ulipita, na usharika unaufuata hadi leo.

La pili hakulipeleka kwenye kikao. Kila Jumapili ya msimu, alfajiri, alipanda dungu la Brigita, akaamia ndege hadi saa tano, ndipo akaenda kuvaa kanzu. Siku ya kwanza Brigita alimkuta juu akitupa madonge ya udongo kwa teo, akasema kutoka chini, “Shuka, Mchungaji. Unapiga mpunga, hupigi ndege.” Alishuka, akaonyeshwa namna ya kuzungusha teo na wakati wa kuliachia, akapanda tena. Wasukuma waliokuwa wakianza kuingia bondeni na ng’ombe wao walimjua kwanza akiwa juu ya dungu, kabla ya kujua kwamba ni mchungaji, naye alijifunza kuwasalimu “mwangaluka” kutoka kule juu, na miaka ya baadaye mifugo ilipoingia mashambani na watu wakataka kushikiana mapanga, pande zote mbili zilikubali kumsikiliza, kwa kuwa wote walikuwa wamemwona akitoka jasho.

Aliendelea hivyo kwa misimu kumi na moja. Brigita hakuja kanisani, wala yeye hakumwalika. Katika daftari lake la mwaka 1997, mwaka aliofiwa na Alphonce, aliandika hivi: “Leo Brigita ameniletea uji dunguni. Hakusema kitu kuhusu mtoto, alikaa tu tukaamia pamoja. Nimeacha kungoja aseme amenisamehe. Nangoja ndege.”

Lakini hakuwa ameacha kungoja, na Mama Rosemery alilijua hilo.

Jumapili tarehe 23 Mei 2004, ibada ikiwa imeanza, Brigita aliingia kanisani akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuna aliyegeuka. Wakati wa kupeana mikono nje alimwambia marehemu, “Mahubiri yako marefu, Mchungaji. Ndege wanarudi saa tisa.” Daftari la siku hiyo lina mistari miwili, “Brigita amekuja. Kuanzia leo nafupisha.” Na alifupisha, kama mnavyokumbuka, hakuzidisha dakika kumi na tano hata siku ya Pasaka.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, akalima ekari mbili zinazopakana na za Brigita, na msimu wa ndege walikuwa wakisalimiana kutoka dungu hadi dungu.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa Ifakara na kukutwa na tatizo la figo lililotokana na shinikizo la damu, akapelekwa Dar es Salaam, ambako alikaa kwa mdogo wake Barnaba na kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Machi mwaka huu alipoomba kurudishwa nyumbani. Tarehe 28 Aprili alilazwa tena Ifakara. Brigita alikwenda kumwona, amebeba kwenye kitambaa pepeta, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa, akamtazama pale kitandani akasema, “Umekonda, Mchungaji. Ukisimama shambani sasa hivi ndege watakuogopa kweli.” Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja. Madaktari walikuwa wamemkataza vyakula vingi, hivyo pepeta hakuila, aliishika tu mkononi, na mgeni alipoondoka alimwambia Frida, “Hajasema.”

Frida akamwambia, “Baba, mtu aliyetembea na pepeta kutoka Namawala mpaka huku, unataka aseme nini tena?”

“Pepeta ni pepeta,” akajibu. “Neno ni neno.”

Asubuhi ya Jumanne tarehe 13 Mei aliuliza kama kwelea wameingia, Frida akamjibu kwamba wameingia tangu jana, akauliza nani yupo shambani kwake, akajibiwa kwamba yupo Mama Paskalina. Alifariki saa nne asubuhi hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na siku saba. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ifakara na Dar es Salaam waliomhudumia kwa miezi ishirini na moja, inamshukuru Barnaba na mkewe kwa kumtunza kama baba yao, inawashukuru wachungaji wenzake, wazee wa usharika, ndugu zetu Wakatoliki wa Katindiuka waliolala hapa tangu Jumanne, na majirani waliopika, waliochota maji na waliochimba kaburi.

Familia pia inaomba radhi kwa saa. Kwa sababu ya wageni wanaotoka mbali, mazishi yamewekwa saa tisa, saa ambayo marehemu asingeikubali, na jana wengi wenu mlituuliza nani atabaki mashambani. Leo saa mbili asubuhi Frida alikwenda kwa Mama Paskalina kumwomba akae viti vya mbele pamoja na familia, akamkuta amekwisha kupanda dungu, na majirani wa Kisukuma wamekwisha kugawana madungu mengine yote hadi kwenye matete. Alikataa kushuka. Alisema, na Frida ameandika kama alivyosema, “Siku ile alitangaza asibaki mtu dunguni. Leo natangaza mimi. Asibaki mtu, nendeni wote mkamzike, hata watoto. Mpunga wenu ninao. Na yeye mwambieni alale, mimi na yeye hatuna neno.”

Mkinyamaza kidogo, debe lake linasikika kutoka hapa.

Mchungaji Stanislaus, umesikia. Pumzika kwa amani.