Kopo la Vidonge vya Thobias

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya pili ya Mei 1954, Thobias alikwenda chooni mara ya nne. Damu ilikuwa imerudi. Alitoka akishikilia suruali, akaketi kwenye gogo mbele ya kibanda cha kahawa cha Hatibu, njia ya mgodini, Geita. Mwezi uliopita daktari wa Mwanza alimwambia utumbo wake mpana una vidonda, akampa kopo la vidonge: viwili, mara nne kwa siku, mwezi mzima. Damu isipokoma, arudi. Lori la Mwanza lingeondoka saa nne, na Thobias alikuwa hajaamua.

– Huendi kokote, alisema Bartholomeo, mlipua miamba, ambaye wote walimwita Baruti. – Vidonge si vimeshindwa? Kunywa uji wa mtama usio na chumvi. Wiki moja, utumbo umenyooka kama reli.

– Mtama unakwaruza, wewe! alidakia Donatus. Aliwahi kushika ng'ombe wakichomwa sindano, na tangu hapo akajiita Bwana Mifugo. – Mpe maziwa ya mgando. Ndama akiharisha tunampa nini?

– Yaya, hapana! alisema Baruti. – Mgando juu ya kidonda? Utamuua.

– Ndama hajawahi kulalamika.

Hatibu alimimina kahawa.

– Nyote hamjui kitu. Asali, tangawizi na unga wa ubuyu. Babu yangu kule Tabora alikula hivyo, akafika miaka mia na kumi.

– Aliumwa tumbo? aliuliza Donatus.

– Hata siku moja. Unaona sasa?

– Basi avute moshi wa baruti, alisema Baruti. – Mimi nauvuta mwaka wa sita. Minyoo yote imehama.

Thobias alitaka kucheka, akaona heri asijaribu.

Mkewe, Melania, alifika na kifurushi cha nguo.

– Hamjambo hapa?

– Hatujambo, Mama Esta.

– Baba Esta, vile vidonge wewe mwenyewe ulimeza vingapi?

Thobias alitazama kikombe chake. Kambini kwa wachimbaji mtu hali peke yake. Kopo likifunguliwa, linazunguka. Hilo nalo lilizunguka kwa wenzake wa zamu nzima. Baruti alichukua vya kutuliza mgongo, Hatibu vya jino. Siku ya tatu lilirudi tupu.

– Nauliza. Vingapi?

Hatibu alifuta birika lililokuwa safi. Baruti alitazama barabara.

– Mbuzi wangu alipona, alisema Donatus, kwa sauti ya chini.

Lori liliondoka saa nne na robo. Thobias alikuwa ndani, na ndani ya kopo lake mlikuwa na vidonge vinne alivyorudishiwa na Baruti.