Mguu Mmoja Chini: Maisha ya Gideon Kimeu Nzomo, Mchoraji wa Watu

Marehemu Gideon Kimeu Nzomo alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961 karibu na soko la Tawa, mtoto wa tatu wa marehemu Nzomo Mwau na marehemu Nduku. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu alijua kutembea kabla ya kujua kuketi, na waliomfahamu hawana sababu ya kubisha. Hata ibada alizisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Mtatuwia radhi, basi, tukisema kwamba utulivu huu wa leo haufanani naye hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tawa. Akiwa darasa la sita alichora watu wakiteka maji mtoni, mwalimu akaandika chini yake, "Nzuri." Kimeu alimfuata mpaka ofisini. "Mwalimu, nzuri wapi? Na mbaya iko wapi?" Mwalimu akamwambia akae chini. Neno hilo aliambiwa maisha yake yote, na hakulitii. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kitui, akahitimu mwaka 1981 katika kuandika mabango, ingawa herufi zilimchosha. Yeye alitaka watu.

Kazi yake iko kwenye kuta mpaka leo. Vinyozi wa Salama, hoteli za Kambu, duka la kanzu la Mzee Abdallah mjini Kitui: kila alipomaliza kuchora mtu, alijitenga kidogo kama mpita njia, akauliza watu wanaonaje. Aliyejibu "nzuri" hakuachiliwa aende zake. "Nzuri ni ya kujibu salamu," alimwambia. "Niambie jicho lako limekwama wapi." Na akishaambiwa, alikasirika, akabishana, akawasha pikipiki akatoweka. Kesho yake ukuta ulikuwa umerekebishwa. Alirudi hata kwenye kuta za zamani kabisa, bila mtu kumwita, na wenye maduka walizoea kufungua asubuhi na kukuta yule mtu wao wa ukutani amebadilishwa mkono.

Ndivyo alivyompata Ndila, fundi wa nguo wa pale Tawa. Mwaka 1986 Kimeu alikuwa amechora kwenye ukuta wa kinu cha kusaga unga mama aliyebeba mtungi mgongoni, ukanda ukiwa kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu. Ndila alipita, akarudi, akasimama.

"Huyu mama hajabeba kitu," akasema.

"Kwani huoni mtungi?"

"Mtungi naona. Maji ndiyo sioni. Mtu akibeba maji anainama, shingo inakaza, vidole vya mguu vinashika mchanga. Huyu umemsimamisha ni kama anapigwa picha ya kitambulisho."

Kimeu alimwuliza yeye ni nani wa kumfundisha kazi. Kisha akamwomba abebe mtungi wa kweli, wenye maji, amtazame. Walifunga ndoa kanisani Tawa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, Kathini na Musyimi.

Kila Jumamosi vijana wa Makueni na Kitui walileta picha zao barazani kwake. Siku hizo za mwanzo hakuwa na breki za ulimi. Mwaka 2008 Kathini, akiwa bado msichana wa shule, alileta picha ya nyanya yake ameketi. Baba yake alianza na kichwa akashuka mpaka miguuni, hakuacha kiungo, mbele ya watu wote. Kathini aliosha brashi zake, akaziweka juu ya kabati, na hakuzigusa tena mwaka mzima. Ndila akamwambia mumewe, "Umerekebisha mtoto mpaka akaisha." Maneno hayo yalimchoma. Alimwomba Kathini msamaha mbele ya vijana walewale, na tangu hapo barazani kukawa na sheria: sema kwanza unachokiona, muulize mchoraji alitaka nini, kisha mwonyeshe mahali pamoja tu. Hayo mengine ataona mwenyewe. Kathini alirudi kwenye rangi, na leo anafundisha uchoraji mjini Mwingi.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa mjini Wote na baadaye Nairobi. Januari 2025 alirudishwa nyumbani, na huko akaanza kujichora mwenyewe, ameshika kopo la rangi. Alipomaliza alijua kuna kitu hakiko sawa, lakini hakukiona, na hilo likamnyima usingizi kuliko maumivu. Aliigeuzia picha ukutani, akaigeuza tena. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa. Mchungaji Kitonga akasema ni nzuri sana. Ndugu yake Kisilu akasema ni nzuri. Hata vijana wa Jumamosi, aliowafundisha kwa mdomo wake, wakasema, "Iko tu nzuri, mwalimu." Huruma ilikuwa imewafunga ndimi. Mwishowe akamgeukia Ndila, naye Ndila akainamia cherehani yake akasema, "Ni nzuri, Baba Kathini."

Kimeu akauliza, "Kumbe niko karibu kwenda hivyo?"

Ndila alilia, tusifiche. Alilia, akapangusa macho kwa kitambaa alichokuwa akishona, akaja kusimama mbele ya picha.

"Naona mtu ameshika rangi," akasema. "Ulitaka awe anafanya nini?"

"Asimame. Watu waone hata mara moja Kimeu ametulia."

"Basi hajakanyaga. Miguu yake inaelea."

Kimeu alibisha kwa sauti ile kidogo iliyobaki, akamwambia arudi kwa nguo zake. Halafu akaomba brashi. Alitia kivuli chini ya mguu wa kulia, akakandamiza kisigino mpaka uzito ukashuka chini. Mkono ukachoka. Wa kushoto akasema ataumalizia kesho. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 11 Februari 2025, mkewe akiwa kando yake.

Juzi Kathini alichukua brashi ya baba yake amalizie ule mguu wa kushoto. Mama yake akamshika mkono, wakaitazama picha pamoja.

"Muache," Ndila akasema. "Mmoja umekanyaga, mwingine uko juu. Alitaka kusimama, lakini huyu anatembea. Na huyo ndiye Kimeu."

Picha iko hapo kando ya jeneza. Mkipita kuaga, tafadhali msimwambie Mama Kathini kwamba ni nzuri. Mwambieni mnachokiona.

Marehemu ameacha mjane wake, Ndila. Watoto wake, Kathini na Musyimi. Mjukuu wake, Kanyiva. Ndugu yake, Kisilu. Vijana wa Jumamosi. Na watu wengi waliosimama kwenye kuta za Kitui na Makueni, ambao sasa hakuna atakayerudi kuwarekebisha.

Kaa chini sasa, Kimeu. Uliambiwa tangu darasa la sita. Pumzika, na iwe kwa amani.