Mzee Vua Viatu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya marehemu, ambaye wauguzi wengi mlioketi hapa mlimwita Mzee Vua Viatu, nami nitajikaza nifike mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1951, mtoto wa pekee wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi na sekondari hapahapa mjini, akaingia chuo cha uuguzi na kuhitimu mwaka 1974, na mwaka huohuo akaajiriwa katika hospitali kuu, wodi ya wanaume.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na dada yangu, na siku aliyokuja kuposa, mimi alinitazama miguu kabla ya uso, kwa malezi ya baba yake, wakajaliwa binti mmoja, ambaye kazi imempeleka nchi ya mbali na amefika jana.

Mwaka 1990 alipewa kazi ya kukagua ubora wa huduma katika kliniki ya kisukari, na wengi walidhani atajifungia ofisini apekue mafaili, lakini yeye alikwenda kuketi kwenye benchi la nje, na kila mgonjwa aliyetoka alimuuliza kama kuna mtu aliyemvua viatu akamtazama nyayo, maana kisukari hutia miguu ganzi, na mtu anaweza kutembea na kidonda asijue. Wengi walijibu hapana, naye akaja juu kwelikweli, hadi ikawa hakuna anayemwona daktari na viatu mguuni, na chumba kile, tuseme ukweli, kikawa na harufu yake, jambo lililomfurahisha sana. Alistaafu mwaka 2011.

Yeye mwenyewe aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2008, na tangu hapo kila jioni dada aliiweka miguu yake mapajani, akaikagua kidole kwa kidole, huku wakigombania redio. Dada alifariki tarehe 9 Juni 2017. Nyumba ikapoa, redio ikabaki kujisemea, na kwa kuwa mgongo wake ulikuwa haukunjiki tena, aliweka kioo sakafuni ajitazame nyayo, lakini macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. Binti alipiga simu kila Jumapili, akauliza kama amekula na kama amemeza dawa, naye alijibu kuwa hajambo kabisa. Alikuwa mpweke, ndugu zangu, tusizungukezunguke.

Tumaini lake likabaki kliniki. Kila alipokwenda alivaa soksi safi, akapokewa kwa shangwe, akatolewa kwenye foleni, akapewa chai isiyo na sukari, akapimwa damu na presha, akakabidhiwa dawa zake, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia mzee aliyewafundisha kazi avue viatu, waliona ni kumkosea adabu, naye aliona haya kuomba, akarudi nyumbani na soksi zake.

Mwezi Machi 2023 alishikwa na homa kali, jirani akamkimbiza hospitali, na huko muuguzi mgeni, asiyemjua hata kidogo, akamwambia, "Babu, hebu vua viatu nikuone." Marehemu alitabasamu, kisha akalia, akamnyooshea mguu wa kulia, ambao kidonda kilikuwa kimekwisha kuula. Madaktari walipigania uhai wake kwa siku kadhaa, lakini maradhi yalikuwa yameingia kwenye damu, akafariki tarehe 2 Aprili, saa nne asubuhi, binti yake akiwa bado safarini.

Tunawashukuru madaktari wa wodi, jirani aliyembeba, na yule muuguzi mgeni, Mungu ambariki. Nanyi wauguzi wa kliniki, tunawashukuru, hatuwanyooshei kidole, mlimpenda naye alijua, ila mkirudi kazini, yeyote atakayeingia, awe mkubwa wenu, awe mwalimu wenu, mvueni viatu.

Shemeji, umefika. Vua viatu, upumzike.