Rubén wa Mita Nne

Damaris: Haloo, nani mwenzangu?

Maylén: Ni mimi, dada. Maylén. Shikamoo.

Damaris: Marahaba. Mbona unanong'ona?

Maylén: Mama mkwe yuko chumba cha pili. Umeme hakuna tangu asubuhi, nyumba kimya, kila kitu kinasikika.

Damaris: Mmegombana tena?

Maylén: Bado. Sikiliza, ile programu ya kuchati na watu walio karibu nawe—

Damaris: Ile isiyotaka intaneti? Si nilikwambia uifute?

Maylén: Umeme ukikatika Havana nzima tumo humo, dada, tunaulizana mkate umefika duka gani. Sasa kuna mwanamume anajiita Rubén. Wiki ya tatu hii ananitongoza.

Damaris: Na wewe?

Maylén: Namwambia nina mume.

Damaris: Mume yuko Uruguay mwaka wa pili. Umeonana na huyo mtu?

Maylén: Sijaonana na mtu.

Damaris: Una hakika?

Maylén: Naapa kwa mwanangu. Ila anajua mno. Jana kaniuliza nilikuwa nalia nini jikoni.

Damaris: Atakuwa yule kinyozi wa ng'ambo ya ua. Macho yake siyapendi kabisa.

Maylén: Nami nilimshuku. Lakini kwa kinyozi ni mita ishirini, na simu inasema mita—

Damaris: Mita ngapi? Unakatika.

Maylén: Nne. Mita nne, dada. Halafu leo kaandika, "Panda juu kwenye paa, nikuletee guineo mbivu."

Damaris: Guineo?

Maylén: Na anajidai kazaliwa hapa hapa. Mtu gani wa Havana anaita ndizi guineo?

Damaris: Hilo ni neno la watu wa mashariki ya nchi. Na humo ndani mtu wa mashariki ni—

Maylén: Ni mmoja tu.

Damaris: Toba. Mama mkwe wako, Bi Eneida? Si anasema hata kupokea simu hajui?

Maylén: Ndivyo anavyosema. Ananitega, dada. Nyumba ni yake. Nikiteleza neno moja tu anampelekea mume wangu Osniel, mimi na mtoto tutupwe nje.

Damaris: Usimsingizie kwanza. Mtumie huyo Rubén ujumbe sasa hivi, utege sikio.

Maylén: Niandike nini?

Damaris: Chochote. Weka nukta.

Maylén: Ngoja. Nimetuma. Imelia. Chumba cha pili.

Damaris: Mwanamke mchawi huyu. Usifute kitu, yote hayo ni—

Maylén: Anaandika.

Damaris: Anasemaje?

Maylén: Chaji imebaki asilimia mbili.

Damaris: Soma basi, we naye.

Maylén: "Osniel ana mke huko, na mtoto. Najua tangu Pasaka. Nilitaka na wewe uwe na mtu, ili nisione haya kunyamaza. Wiki tatu nimekujaribu, umenishinda." Dada?

Damaris: Nipo, mdogo wangu. Nipo.

Maylén: Kuna nyingine. "Nyumba ni yako na mtoto. Akirudi yeye, atapiga hodi."

Damaris: Usimwamini haraka. Huenda ni mtego mwingine.

Maylén: Yuko mlangoni. Anagonga.

Damaris: Usifungue. Muulize kwanza—

Maylén: Analia, dada. Namsikia.

Damaris: Basi mfungulie. Maylén? Haloo? Mfungulie, unanisikia? Haloo?