Kilima Kilirudisha Moja

Mlio mmoja wa bunduki usiku, kisha mbwa, kisha kimya. Asubuhi Mama Berthe akakoka moto wa kahawa kando ya barabara, Butembo, beseni la kuoshea vikombe miguuni pake, na wanaume wa benchi wakaanza kazi yao ya siku zote za vita: kubishana. Berthe alimimina akisikiliza. Aliomba risasi ziwe nyingi. Nyingi, ni askari wamelewa. Moja, ni mtu amelengwa. Yeye alikuwa amesikia moja, lakini sikio la mama lina woga. Na kule nyumbani bugali aliyoifunika jana, kwa mgeni wa mlango wa nyuma, haikuguswa.

— Mbili! alisema Phinées, muuza maharage, jina la benchi Kilo. Pa! Pa! Haba na haba hujaza kibaba.

— Tatu, akadakia Gérard Antene, fundi wa redio. Ya tatu ilitoka kwa mawingu. Iko ndege moja ya bila taa, inatuhesabu.

— Na weye, Lusenge? Unakaa karibu na depo, kule ililia.

— Mi sikusikia kitu.

Benchi zima likageuka.

— Aka! Mutu wa karibu njo hakusikia? Ulikuwa wapi?

— Kwa kitanda!

— Kitanda ya nani?

— Mumuache, Kilo akanong'ona. Kikulacho kiko mu nguo. Huyu njo anapelekaka majina ya batu kwa basoda, kwa maaskari.

Lusenge akasimama. Ndipo Siméon, mwalimu mstaafu, akalivuta beseni, akasimamisha kikombe majini, akagusa maji kwa kidole.

— Muangalie. Wimbi inagonga ukingo, inarudi. Kilo, ya pili yako ni kilima tu, ilirudisha. Antene, weye uko kati ya vilima mbili, donc ukasikia tatu. Sasa, nyuma ya kikombe?

— Maji imetulia.

— Lusenge analala nyuma ya ukuta ya depo. Hapana bongo, anasema kweli.

— Mais mwalimu, basi risasi ilikuwa...

— Moja.

Wakacheka kwa nafuu. Kilo akamnunulia Lusenge kahawa. Berthe akaimimina nje ya kikombe.

Jemima, muuza sombe, majani ya muhogo, aliyefika na kikapu chake kutoka Kalunguta, akaketi akiwaamkia kwa Kinande.

— Wavukire, ba papa. Na ile moja, ilipata nani?

Miaka miwili Berthe alikuwa akiwaambia kwamba kijana wake, Muyisa, yuko Kampala, biashara. Aliinama juu ya beseni mpaka wimbi la mwisho likagusa ukingo.

— Muyisa, akasema.