Kompyuta Aliyoiacha Ikiwaka Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mzee Jethro Okemwa wa Nyakoe anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, kutoka karakana ya Haresh na Wanawe mjini Kisii. Wageni wameuliza kwa nini sherehe inafanyika mchana, jua likiwa la utosi. Wanaomjua hawakuuliza. Mzee ni Msabato, na jua la Ijumaa likikaribia kuzama huchukua koti lake na kwenda. Hata leo anapoagwa yeye mwenyewe, tungefanya jioni angetuacha na keki mkononi.

Aliajiriwa mwaka 1966 na marehemu baba yake Bwana Haresh, akiwa kijana anayejua kupangusa vumbi kwenye taipureta na si zaidi. Miaka ilivyosonga, ikawa shida kupata ofisi ya Kisii au Nyamira ambayo taipureta yake haijapita mikononi mwake. Ametoa humo njugu, pini za nywele, na mara moja jino la bandia la karani mmoja ambaye mpaka leo anakana kwamba ni lake. Kompyuta zilipoingia, mafundi wengi wa rika lake walizikwepa. Yeye alivuta kiti, akaagiza chai, akaanza kujifunza upya.

Ana masharti, na tumeyavumilia. Hafungui mashine kabla mwenyewe hajaketi akaeleza ilivyoanza kuugua. Bisibisi yake haiazimwi. Ukimharakisha atakunyamazia mpaka uone haya. Ila mashine ikiamka husema neno moja tu la kwao, "Buya", yaani vyema, na hapo hata mteja aliyekuja amenuna hucheka.

Mengi tungeweza kusimulia, lakini la Agosti mwaka huu ndilo litakalobaki. Kituo cha mafunzo ya wasichana huko Sironga kilikuwa kimepata msaada wa kompyuta kutoka ng'ambo. Zilikuwa za kisasa mno: hazikuwa na lile tundu la duara tulilolizoea, kibodi na kipanya vyote vinaingia kwenye matundu bapa ya USB. Zilikuja tupu, bila mfumo wa kuziendesha. Ishan, mpwa wa Bwana Haresh aliye chuo kikuu Nairobi, akatuletea disketi yenye mfumo wa majaribio ambao yeye na wenzake walikuwa bado wanaupika.

Wakaguzi wa mitihani walikuwa waje Sironga Jumatatu. Wakikuta kompyuta hazifanyi kazi, kituo kisingesajiliwa, na wasichana wangelazimika kwenda kufanyia mtihani wao Kisumu. Madamu Bochaberi, mkuu wa kituo, alijua ni wazazi wangapi wasingekubali safari hiyo. Kwa wengi wa wasichana wale masomo yangeishia hapo.

Basi tukawasha. Mashine ikiamka, taa za kibodi zilikuwa zinawaka vizuri. Mfumo wa Ishan ukishika usukani, taa zinazima na huwezi kuandika hata herufi moja. Tulibadilisha kibodi, tukabadilisha tundu, tukabadilisha mashine yenyewe. Kila mara skrini ilikwama kwenye mstari uleule uliosema inatafuta vifaa vya USB. Tukisubiri kidogo, tukiona kimya, tunazima na kuanza tena. Wiki nzima ikaenda hivyo.

Ijumaa jioni ikatukuta palepale. Mzee alikuwa amewasha kwa mara nyingine, skrini imekwama, akatazama dirishani akaona jua liko juu ya kilima. Akavaa koti. Hakugusa swichi. Bwana Haresh alimfuata hadi mlangoni akimwambia kwamba kwao Wahindu hakuna siku ambayo bisibisi hupumzika, na kwamba Mungu anawaona wale wasichana pia. Mzee alimjibu kwa upole kuwa hilo ndilo analolitegemea. Madamu Bochaberi alikuwa amesimama pale pale. Yeye naye ni Msabato, kwa hiyo hakuwa na la kumsihi. Walitoka pamoja, na najua wote wawili hawakulala vizuri.

Jumamosi Keval, mwana wa Bwana Haresh, ndiye aliyefungua duka kama kawaida yao. Akakuta skrini imesogea. Kumbe mfumo haukuwa umekufa, ulikuwa unangoja. Ulingoja zaidi ya saa nzima, ukakata tamaa, ukaandika sababu: draiva ya kipanya, ile programu ndogo inayokiendesha, ilikuwa inapakiwa kwanza na kuikamata kibodi kana kwamba nayo ni kipanya. Sisi wenye haraka tulikuwa tunamzima shahidi kabla hajafungua mdomo.

Keval hakuwa fundi, lakini alitambua kwamba maneno yale yalimhusu Mzee, na kwamba stima ikipotea yatapotea nayo. Kutwa nzima ile familia ililinda skrini. Mama Madhu, mkewe Bwana Haresh, alikataza birika la umeme na pasi, akachemshia chai kwenye jiko la makaa uani. Mteja aliyetaka kujaribu redio aliambiwa arudi kesho. Kwa hiyo Sabato ya Mzee Jethro mwaka huu iliwahi kushikwa na Wahindu wa Kisii, tena kwa ukali kuliko Wasabato wengine ninaowajua.

Jumapili asubuhi Mzee aliingia, akasoma skrini, akasoma tena. Kisha kwenye kompyuta yetu ya zamani tukaandika upya disketi, draiva ya kibodi ikatangulia, ya kipanya ikafuata. Tukawasha. Taa zilizima kidogo, zikarudi. Akabonyeza herufi moja, ikatokea. "Buya," akasema, na Bwana Haresh akageukia ukutani akipangusa miwani.

Jumatatu kituo kilisajiliwa. Novemba wasichana wote walifanyia mtihani wao Sironga, wakitembea kutoka makwao.

Mzee, asante. Umetufundisha kazi, na umetufundisha kuiachia mashine nafasi ya kusema. Tunakuombea afya, chai na ndizi zistawi kule Nyakoe, na Mama akuvumilie sasa utakapokuwa nyumbani kutwa. Mema yakufuate siku zako zote.

Jambo moja tu. Magazeti yanasema usiku wa leo kompyuta zitachanganyikiwa na tarehe, na tumeshauriwa tuzizime zote. Tutazima zote isipokuwa ile ya mezani pako. Hiyo Bwana Haresh mwenyewe amesema iachwe ikiwaka. Jumapili asubuhi mlango utakuwa wazi na chai iko tayari. Njoo utusomee imeandika nini.

Sheila Momanyi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako